Kwa Nini Kipande cha Mwisho cha Mfereji Hakina Mwenyewe

Zamani za mababu wa mababu, watu wa milima ya Ighoma walikuwa hawajui kuchimba pamoja. Kila nyumba ilikuwa na mfereji wake. Ungesimama juu, pale kijito cha Kisiwe kinapotoka msituni, ungeiona mifereji hiyo ikishuka mteremkoni, mwembamba huu kando ya mwembamba ule, kila mmoja ukienda kwenye shamba la mwenyewe na kuishia hapo. Maji ya mtu yalikuwa yake, na tope la mtu lilikuwa lake. Mfereji ukibomoka, aliyeuchimba ndiye aliyeuzibua, yeye na mkewe na watoto wake, hata kama jirani amekaa nje ya nyumba yake akimtazama mchana kutwa.

Wala haikuwa roho mbaya. Siku hizo kuingia na jembe katika kazi ya mwenzako kulikuwa ni kumtukana. Ilikuwa kama kumwambia mbele ya watu kwamba ameshindwa, kwamba mikono yake haitoshi kuilisha nyumba yake. Kuna ndugu waliowahi kununiana mpaka kaburini kwa sababu ya jembe moja lililoinuliwa kwa huruma. Kwa hiyo watu waliopendana walijifunza kujizuia. Ukimwona rafiki yako anahangaika na udongo, ulipita njia nyingine ili asijue kwamba umemwona.

Katika milima hiyo walikuwako ndugu wawili wa kike, Nakiete na Naetwe. Mama yao alifariki Naetwe akiwa bado anabebwa mgongoni, na Nakiete ndiye aliyembeba. Ndiye aliyemfundisha kutembea, kupika makande na kukamua mbuzi, na ndiye aliyemsuka nywele. Walipoolewa waliolewa kwenye mgongo mmoja wa mlima, Nakiete karibu na msitu, Naetwe chini kabisa, kwenye shamba la mwisho kabla ya ardhi kuporomokea nyikani. Hata baada ya ndoa Naetwe aliendelea kupanda kwa dada yake kusukwa. Alikuwa akikaa chini katikati ya magoti ya Nakiete, akisimulia hili na lile, na mara nyingi usingizi ulimchukua kabla nywele hazijaisha.

Mume wa Nakiete alikufa mapema, bila kumwachia mtoto. Tangu hapo, mtu wake wa damu duniani akawa Naetwe peke yake.

Kisha ukaja ukame. Mvua za vuli zilikosa kuja, watu wakasema zitakuja za masika. Za masika nazo zikapita mbali, zikionekana tu kama kivuli cheusi upande wa nyika. Kijito cha Kisiwe kikanywea. Maji machache yaliyobaki yaligawanyika katika mifereji yote ile, kila mmoja ukapata kiasi cha kulowesha mchanga, na kabla hayajafika popote ardhi ikawa imeshayanywa. Mgomba ulikauka umesimama.

Mfereji wa Naetwe ulikuwa mrefu kuliko yote, kwa sababu shamba lake lilikuwa mbali kuliko yote. Ulipita juu ya mashamba ya watu wote kabla ya kushuka kwake. Katika ukame huo ukingo mmoja uliporomoka, na jiwe kubwa kama zizi la mbuzi likabingirika, likakaa katikati ya mfereji. Mumewe, Kangero, alikuwa mgonjwa wa kifua. Naetwe akaanza kuchimba kulizunguka jiwe hilo peke yake.

Nakiete alisikia. Siku hiyo hiyo alipata ujumbe kutoka kwa mdogo wake: "Njoo unione, dada, lakini jembe liache nyumbani." Akaenda mikono mitupu. Walikaa kando ya mfereji uliokufa, wakala makande baridi, wakazungumza habari za watu. Nakiete aliona viganja vya mdogo wake vimechunika mpaka nyama nyekundu inaonekana. Alinyoosha mkono avishike, Naetwe akavikunja mapajani.

"Ni kazi tu," Naetwe alisema.

"Naona," Nakiete alijibu.

Akarudi nyumbani kwake. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba ametenda kama mtu mwenye adabu.

Haukupita muda mrefu Naetwe akapanda kwa dada yake asubuhi, mtoto mgongoni, chungu kichwani, kuku mmoja kwapani. Kangero alikuwa ameshatangulia chini na watoto wakubwa, akitembea taratibu kwa ajili ya kifua chake.

"Tunashuka nyikani," Naetwe alisema. "Wanasema mbele huko kuna ziwa."

"Nitakusindikiza hadi chini ya mlima."

"Usinisindikize, dada. Ukinisindikiza nitarudi, na nikirudi tutakufa njaa sote."

Nakiete alitaka kusema maneno mengi. Alichoweza kusema ni, "Nywele zako zimefumuka."

"Zitasukwa huko," Naetwe alisema, ila sauti yake haikuwa na uhakika, na wote wawili walijua kwamba huko hakuna mikono anayoifahamu.

Nakiete alisimama pale hadi alipowaona nyikani, vidoa vidogo vinavyosogea, hadi aliposhindwa kutofautisha vumbi lao na vumbi la upepo.

Baada yao wengine wakafuata. Karibu kila nyumba iliondokewa na mtu. Walioweza kutembea mwendo mrefu waliondoka, na waliobaki walibaki na mbuzi wachache na mazoea ya kutazama chini. Nakiete aliendelea kupika kwa kipimo cha watu wawili. Kila aliponyanyua kifuniko na kuona chakula kimezidi, alikasirika na nafsi yake, na kesho yake akarudia vilevile. Jioni alikaa mahali anapoiona nyika, vidole vyake vikitembea juu ya goti, mara juu, mara chini, kama vinavyotembea kichwani mwa mtu anayesukwa. Akipita mchuuzi wa chumvi anayetoka mbali, alimuuliza kama ameonana na mwanamke mrefu kidogo, mwenye mwanya, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Wachuuzi walitikisa vichwa.

Asubuhi moja aliamka, akachukua jembe, akashuka hadi shamba la mdogo wake. Hakuwa amepanga. Alisimama pale mfereji wa Naetwe unapoingilia shambani, umejaa udongo na majani makavu, akaanza kuuzibua. Alikwenda kinyume na maji, kutoka chini kupanda juu.

Habari zilienea haraka. Waliokuwa wamebaki walikuja kusimama mbali, wakanong'onezana kwamba Nakiete amepotewa na akili. Mwishowe akaja mzee Mbonea, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wa mipaka na kuwakumbusha watu miiko. Alikuwa mtu mkavu. Hata mwanawe wa pekee, Semboja, alipoondoka, hakuna aliyemwona akitikisika.

"Binti," Mbonea aliuliza, "unamchimbia nani?"

"Namchimbia Naetwe, baba."

"Naetwe hayupo."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwona akiondoka."

"Na mwiko unaujua. Unafanya nini katika mfereji wa mtu?"

Nakiete alifuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Nimekatazwa kumwaibisha mtu kwa jembe langu. Nikatii. Alipokuwa hapa anachunika mikono, nilitii. Sasa hayupo, baba. Nitamwaibishaje mtu asiyekuwepo?"

Mbonea alifikiri. Katika miiko yote aliyoirithi hakuwa amesikia neno lolote kuhusu asiyekuwepo.

"Na maji yakifika, nani atayatumia?"

"Sijui. Nikikaa nyumbani naiwaza mikono yake. Nikiwa hapa nauwaza mfereji tu. Niache, baba."

Mzee akageuka akaondoka, na watu wakadhani ameudhika. Kesho yake walimwona akishuka njia ileile na jembe begani. Alisimama mbele ya Nakiete akiangalia pembeni.

"Semboja naye hayupo," alisema, kana kwamba ni habari mpya. "Nipimie kipande chake."

Nakiete hakucheka wala hakushangaa. Alilaza mpini wa jembe chini, akapima mipini kadhaa, akaweka jiwe huku na jiwe kule. Mzee Mbonea akaingia katikati ya mawe hayo, akachimba mpaka jua likawa kali. Alipomaliza alipapasa sakafu ya mfereji kwa kiganja, akilainisha tope polepole, namna mtu anavyolainisha tandiko la mtoto.

Basi wengine wakaanza kushuka. Mama mmoja alikuja kuchimba kipande cha binti yake. Mwanamume mmoja alikuja kwa ajili ya kaka yake ambaye waligombana kabla hajaondoka. Kila aliyefika alitaja jina, akapimiwa. Walichimba bega kwa bega, na hakuna aliyesema kwamba anamsaidia jirani yake, kwa hiyo hakuna aliyeaibika. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mbali, na kila mmoja alikuwa akimfanyia mtu huyo kazi ambayo hakuweza kumfanyia alipokuwa karibu. Wakati mwingine mtu aliacha jembe akamsimulia wa kando yake habari za huyo aliyemkosa: jinsi alivyokuwa akiimba vibaya, alivyopenda ndizi mbichi, alivyoogopa kenge. Waliokaa majirani maisha yao yote walianza kufahamiana hapo mferejini.

Wakafika kwenye jiwe.

Hapo hapakuwa na namna ya kupima vipande. Jiwe halikugawanyika. Walilizunguka, wakalisukuma, likakaa. Mzee Mbonea alisema kwamba mwamba hupasuka ukichomwa moto mpaka ndani kisha ukamwagiwa maji baridi kwa ghafla. Kuni zilikuwako tele, kwani migomba na miti ilikuwa imejikaukia. Maji ndiyo hayakuwako. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu kimoja cha kunywa, kilichokingwa kutwa nzima kwa tone baada ya tone kwenye miamba ya msituni.

Walikoka moto kulizunguka jiwe, wakauchochea mpaka hakuna aliyeweza kusogea karibu. Kisha wakasimama na vibuyu vyao mikononi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama mmoja alikishika chake kifuani kama mtu anayezuia mtoto asichukuliwe.

Nakiete akaenda, akamwaga maji yake. Yalipiga kelele, yakawa mvuke, yakapotea. Mbonea akafuata, na wengine nyuma yake, kibuyu baada ya kibuyu, mpaka wingu jeupe likawafunika na hawakuonana. Wingu lilipoinuka, jiwe lilikuwa limekaa palepale, zima.

Watu walitazama vibuyu vyao vitupu, na wengine walimtazama Nakiete kwa macho ambayo hakuweza kuyakabili. Yule mama aliyekuwa amekikumbatia kibuyu chake ndiye pekee ambaye hakuwa amemwaga. Alikuja mbele akilia.

"Mwanangu hakuniaga," alisema, akayamwaga.

Jiwe likatoa mlio kutoka ndani, mlio mzito kama wa ng'ombe anayezaa, likapasuka toka juu hadi chini.

Siku hiyo walilala na kiu. Lakini walilala karibu karibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kurudi kwake. Kulipopambazuka walilitoa jiwe lile vipande vipande, na kwa vipande hivyo wakajenga juu ya mashamba bwawa dogo la kuhifadhia maji, lile ambalo watu wa milimani huliita ndiva. Kisha mzee Mbonea alikwenda kijitoni, akauziba mdomo wa mfereji wake mwenyewe kwa udongo na nyasi, ule aliouachiwa na baba yake.

"Maji ni machache," alisema. "Yapite njia moja, huenda yatafika."

Wengine waliziba ya kwao mmoja baada ya mwingine. Kijito chote, kidogo kama kilivyokuwa, kikaingia katika mfereji wa Naetwe. Kilijaza ndiva taratibu, na walipoifungulia, maji yalikimbia. Yalipita juu ya shamba la huyu na la yule, kila shamba likanywa kwa zamu, na kwa kuwa mfereji ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya aliye mwisho kabisa, hakuna aliyerukwa. Nakiete alitembea sambamba na ncha ya maji mpaka chini. Aliyaona yakiingia katika shamba la mdogo wake, yakasimama kidogo kwenye nyufa, yakazama. Alisubiri pale mpaka udongo ukawa mweusi. Halafu aligeuka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu.

Ighoma haikufa. Mvua zilirudi kwa wakati wake, na baadhi ya walioondoka nao walirudi, akiwamo Semboja, ambaye baba yake alimpokea kwa kumuuliza kwa nini amechelewa, kisha akaingia ndani na kukaa huko muda mrefu. Naetwe hakurudi. Miaka ilipita. Kila mwaka watu walipimiana vipande kabla ya mvua, wakasafisha mfereji, na kipande cha Naetwe, kile cha mwisho kabisa, kilichimbwa na Nakiete baada ya kumaliza cha kwake.

Mwaka mmoja akaja mchuuzi wa chumvi, akamtafuta Nakiete kwa jina.

"Nimeonana na mwanamke mwenye mwanya," alisema.

Naetwe alikuwa hai. Alikuwa mbali kule ziwani, mjane, na wajukuu wanaozungumza lugha ya watu wa huko. Miguu yake ilivimba, isingeweza tena kupanda mlima. Alipoambiwa kwamba maji yanafika shambani kwake, alicheka kabla mchuuzi hajamaliza kusema, kisha akajifunika uso.

"Ameagiza nini?" Nakiete aliuliza.

"Amesema upande magimbi, yanapenda tope la pale. Tena ameuliza kama vidole vyako bado vina nguvu."

Nakiete alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vimeanza kupinda.

Habari zilipotangaa, watu walisikitika naye, kisha wakaketi kuamua. Mtu akishajulikana kwamba hatarudi, walisema, kipande chake kifutwe. Kila mmoja achimbe cha nyumba yake, kazi iishe. Ilikuwa hoja ya haki, na hata Mbonea, ambaye sasa alitembelea fimbo, hakuipinga. Nakiete alisikiliza mpaka mwisho. Siku ya kusafisha mfereji alichimba kipande chake, akashuka hadi kile cha mwisho, akaanza kukichimba kama kawaida. Mkono ulikuwa mzito. Jembe liliinuka kidogo tu na kushuka. Watu walikuwa wamemaliza vipande vyao, wakasimama ukingoni wakimtazama, na wote walijua kwamba safari hii hakuna jina la mtu wa mbali la kusingizia. Aliyekuwa akichoka alikuwa hapo mbele yao.

Mzee Mbonea akashuka ukingoni polepole, fimbo mkono mmoja, jembe mkono mwingine. Akasimama mbele ya Nakiete, naye safari hii akamtazama usoni.

"Mama," alisema, "niingie na jembe?"

Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo katika milima ya Ighoma. Nakiete aliegemea mpini wake. Aliviona tena viganja vilivyochunika vikikunjwa mapajani, na alijua jinsi ambavyo neno moja dogo lingetosha siku ile, kama yeye angeuliza, na kama mdogo wake angejibu.

"Ingia, baba," alisema, na machozi yakamtoka. "Ingieni. Nimechoka."

Wakaingia wote. Kile kipande kiliisha kabla jua halijafika utosini, watu wakiwa wamebanana humo mpaka majembe yanagongana.

Na tangu siku hiyo, kabla ya mvua za vuli, baragumu hulia katika milima ya Ighoma, na watu hutoka majumbani bila kulipwa na bila kusukumwa. Kila nyumba huchimba kipande chake. Kile cha mwisho hakina mwenyewe, nacho huchimbwa na wote. Anayetaka kumsaidia mwenzake huuliza kwanza, "Niingie?" na anayeulizwa hujibu, "Ingia," na hakuna aibu kwa yeyote kati yao. Walio mbali, wanaofanya kazi mijini na ng'ambo, siku hiyo hupiga simu kwa mama zao. Hawaulizi habari za afya kwanza. Huuliza, "Mmeshafika kwenye kile cha mwisho?" Mama hujibu kwamba wamefika, kisha huiweka simu ukingoni, wazi, amsikilizishe mwanawe majembe.